Musimbi hazimi kompyuta iliyoganda

Saa tatu asubuhi, katika kliniki moja ya binafsi mjini Kakamega, Musimbi Makhanu amesimama mbele ya swichi ya umeme na hataki mtu aiguse.

Kompyuta zote zimeganda. Ndani ya moja kuna picha ya eksrei ya paja la Eugene, mtoto wa miaka sita kutoka Malava aliyeanguka kutoka juu ya mpera. Picha imepigwa sasa hivi, haijahifadhiwa. Ikipotea, mtoto atageuzwa tena juu ya mfupa uliovunjika, na kilio chake cha kwanza kilisikika hadi getini.

"Zima uwashe, dada," anasihi Clifford, mpiga eksrei. "Daktari anangoja."

"Nikizima, picha imeenda. Nipe nafasi."

Musimbi, fundi wa kompyuta hapa kwa miaka minane, anaandika amri ya kuua programu iliyokwama. Haifi. Anarudia. Wapi! Anaita orodha ya programu zote, na kando ya ile sugu kuna herufi moja: D.

"Haijafa, na kuuawa haiuawi," anasema, Pascalia, mamake Eugene, akisikiliza mlangoni. "Imelala ikingoja jibu la ghala. Ukiona D, usitafute rungu. Uliza inamngoja nani."

Ghala analolisema ni kompyuta nyingine, ng'ambo ya ua, inayotunza mafaili ya kliniki nzima kupitia waya. Kazi aliisomea chuoni, lakini subira alipewa na baba yake, mkata miwa wa Mumias, aliyezoea kusema: "Miwa ikishakatwa, halafu trekta lisipokuja, huchomi miwa. Unaenda kutafuta trekta."

Basi anavuka ua, Pascalia akimfuata huku leso imemlowa machozi. Anafungua kufuli la chumba cha ghala.

Ko-ko-ko!

Jogoo mwekundu, aliyefungwa kamba kwenye mguu wa meza, ameizunguka meza hiyo mpaka kamba ikanasa waya na kuuchomoa. Musimbi anashika kichwa. Jogoo ni wake mwenyewe! Ameletewa asubuhi hiyo na Mama Nabwire, kumshukuru kwa kumpatia rekodi zake za matibabu zilizokuwa zimepotea.

"Sisi hatukataangi ingokho," anajitetea. "Kuku wa shukrani ukimrudisha, umemtukana mwenyewe. Nikamficha hapa. Kumbe nimejiroga!"

Anachomeka waya, wanarudi mbio. Hakuna aliyegusa kitu, lakini kompyuta zinaamka moja baada ya nyingine. Picha inaendelea pale pale ilipokwamia, mpaka mfupa wote unaonekana. Clifford amevua kofia, kama yuko kanisani.

"Ilikuwa inangoja tu?" Pascalia anauliza.

"Inangojanga, mama. Hata ingekuwa mpaka kesho."

"Uwi! Kitu hakina roho!"

Musimbi anakiri kwamba hajawahi kuizoea ajabu hiyo. Bado nywele humsimama. Sasa anataka waya upitishwe juu darini, mbali na kuku. Na jogoo hatachinjwa leo. "Eugene akianza kutembea, aje kwangu Lubao tumle pamoja."

Adhuhuri mtoto yuko chumba cha upasuaji. Musimbi anamwita Pascalia wakale obusuma, ugali wa mchana. Pascalia hatoki kwenye benchi lililo mlangoni.

"Niache, dada," anasema. "Na mimi niko D."

Musimbi anaketi kando yake.