Nywele za Masuno

Mama mkwe wangu Masuno hana maneno mengi, lakini akishasema hapana, hata winchi ya bandarini haimtoi alipo. Kisiwa kizima kinalijua hilo, isipokuwa shemeji yake Isokichi, mwenyekiti wa kamati ya bandari, ambaye mpaka leo anajifanya hajui.

Isokichi ndiye aliyetuletea habari kwamba boti ya marehemu kaka yake, Kihachi, mume wa Mama, itakatwakatwa. Ilikuwa imelala ufukweni tangu mazishi, rangi imebambuka, injini imeshika kutu.

"Kamati imeshaamua," alisema. "Boti isiyoweza kutoka kwa injini yake siku ya sikukuu ya kiangazi, inaondolewa."

Mama alikuwa akimenya chenza. "Basi itatoka," akasema.

"Nani ataiendesha, shemeji?"

"Mimi."

Isokichi alicheka mpaka chai ikampalia.

Kwetu mwanamke hapandi boti ya uvuvi. Fundi anapoiunda, huficha mlinzi wa boti kwenye tundu chini ya mlingoti: dadu mbili, nafaka kidogo, na nywele za mke wa mwenye boti. Mlinzi huyo ni wa kike na ana wivu, ndivyo wanavyosema wanaume. Mimi niliwahi kuuliza, kama ana wivu, mbona anakubali kulala na nywele za mwanamke mwenziwe? Niliambiwa nikaangalie wali jikoni. Nywele za Mama zilikwenda kuvua miaka yote ya ndoa yake. Yeye mwenyewe aliishia gatini, ameshika kikapu cha chakula cha mumewe. Lilinikera sana jambo hilo, na nilidhani linanikera peke yangu.

Tuliivuta boti hadi uani kwa trekta la shamba la machenza. Mume wangu Tadaoki aliifungua injini, akaitandaza vipande vipande juu ya mkeka wangu mzuri bila hata kuniomba. Wifi yangu Chizuru alikuja kwa feri kila Jumamosi, akawa anabandua mbao zilizooza na kupigilia mpya za mwerezi. Kazi yangu ilikuwa kalafati, kushindilia nyuzi za magome katikati ya mbao kwa patasi butu, na vidole vyangu havijanisamehe hadi sasa. Mama alikaa juu ya kreti akituamuru.

Isokichi hakupitisha siku bila kuchungulia juu ya ukuta wa ua. "Mnatengeneza boti au banda la kuku?"

"Banda, baba mdogo," Chizuru akamjibu. "Jogoo tumeshampata, anawika hapo ukutani."

Kisha tukafika kwenye kitako cha mlingoti, kilichokuwa kimeoza. Tadaoki alikinyanyua taratibu, akachungulia tunduni. Tundu lilikuwa tupu.

"Nilimtoa mimi, baada ya msiba," Isokichi akasema kutoka ukutani, na safari hii hakucheka. "Mwenye boti amekufa, mlinzi anatolewa. Ndiyo desturi. Boti hiyo imekufa, na fundi wa kumrudisha mlinzi hatunaye tena."

Tadaoki akaweka spana chini. Ni mtoto wa mvuvi. Kwenye boti isiyo na mlinzi hatampandisha mama yake. Chizuru naye akaacha nyundo. Nilitamani kumrushia mtu patasi, na aliyekuwa karibu ni mume wangu.

Mama akainuka kwenye kreti. "Isokichi, nywele zangu uliziweka wapi?"

"Nilizichoma, shemeji."

"Uliniuliza?"

Isokichi akaangalia viatu vyake.

"Na waliponikata nywele nikiwa bibi harusi, waliniuliza? Fundi alikuja na mkasi, akaondoka na nywele. Hata kikombe cha maji hakuomba."

Akafungua kitambaa cha kichwani. Akachomoa mfukoni mkasi wake wa kuchumia machenza, akashika shungi la nywele, nyeupe zote, akalikata palepale mbele ya majirani waliokuwa wamejazana getini. Kazi hiyo hufanywa na fundi mwanamume, kwa siri. Yeye aliifanya mchana kweupe.

"Hizi nimezitoa mwenyewe," akasema, kisha akanigeukia. "Fumie, lete mchele. Na wewe Isokichi, nipe zile dadu zako za kamari."

"Dadu gani, shemeji?"

"Za mfuko wa kushoto."

Getini watu wakaangua kicheko. Isokichi akatoa dadu, Mama akatia vyote tunduni.

Siku ya sikukuu, wanaume wa bandari walisimama wamekunja mikono, hakuna aliyesukuma. Tuliisukuma sisi, mimi na Chizuru na wanawake wanaopanga machenza kwenye makreti, Tadaoki akiwa mwanamume pekee. Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, halafu ikashika. Nililia waziwazi, sikujificha.

Mama alikuja amebeba kikapu kilekile cha zamani, ndani mna wali wa pweza uliofinyangwa mabonge. Isokichi akamzuia kwenye ngazi ya gati.

"Shemeji, tafadhali. Mlinzi ataona wivu."

"Amwonee nani wivu? Mlinzi ni mimi."

Akachukua bonge moja la wali, akalitia mfukoni, kisha akamwekea kikapu mikononi.

"Nishikie," akasema, akashuka botini, akashika usukani. Isokichi akabaki gatini na kikapu mpaka Mama aliporudi.