Marahaba Niliyomwitikia Mama

Yule mwalimu, Mungu amlipe anachostahiki, hakuwa na fimbo. Alikuwa kijana aliyemaliza skuli juzi tu, akisomesha Kiingereza jioni kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe. Adhabu yake ilikuwa moja: ukikosea, unawaamkia wenzako shikamoo, mmoja mmoja, ukianzia kwa mdogo kabisa, naye akuitikie marahaba.

Mdogo kabisa nilikuwa mimi. Mkubwa kuliko wote, hata kumshinda mwalimu, alikuwa mama yangu. Baba alitoka nyumbani mwaka wa sitini na nne, hakurudi, na mama akatulisha kwa kushona kofia hadi macho yakaanza kumtupa mkono. Ofisi moja ilikuwa tayari kumpa kazi ya kupokea simu, ilimradi Kiingereza chake kinyooke. Mimi alinichukua darasani ili tukirudi nyumbani tusomeshane.

Kilichomshinda ni kulala na kulaza. Sisi tumeyatenga wazi: mtu hulala, mtoto hulazwa. Kwa Waingereza kulala ni “lie”, kulaza ni “lay”, halafu ukilala jana, unarudishiwa “lay” ileile. Nani aliwatuma? Siku hiyo mama alitaka kusema kuwa jana alilala mapema. Akasema “laid”, neno la kulaza, na ndilo hilo hilo la kuku kutaga.

“Umetaga mangapi?” mwalimu akamuuliza. Darasa zima likacheka, na wengine walikuwa majirani zetu. “Haya, waamkie.”

Mama akaja mbele yangu, akaliweka sawa buibui lake.

“Shikamoo,” akaniambia.

Nikainamia daftari langu. Nilimchukia yule mwalimu.

“Asipoitikiwa, atoke asirudi tena,” mwalimu akasema.

“Itika, mwanangu,” mama akaninong’oneza. “Nnaitaka kazi.”

“Marahaba,” nikasema. Akasogea kwa aliyekaa ubavuni mwangu.

Asubuhi yake nilimwamkia kama kawaida yetu. Hakuinua uso kwenye kofia aliyokuwa akiishona. “Marahaba ushaichukua wewe jana,” akasema, kisha akanituma mkate sokoni Darajani.

Jioni alikwenda darasani peke yake, mimi akaniacha na wadogo zangu. Kazi aliipata. Kila aliyepiga simu ofisini pale alimjibu kwa upole, mpaka watu wakamsifu mjini. Mimi nilimwamkia kila asubuhi hadi nilipoolewa, na shikamoo yangu hakuiitikia tena.