Siku Tulipompeleka Mbwa Kuzaa Mbarara

Kwetu Rubondo, humu kambini kwa wakimbizi, mwanamke akishikwa na uchungu tunapiga bido. Lile dumu la njano la kuchotea maji, unaligeuza kichwa chini, unaligonga na mwiko mpaka jirani wa mwisho asikie. Hapo kila mama wa kikundi chetu anaacha alichoshika. Mmoja anakuja na sabuni na wembe mpya, mwingine na termosi ya uji, mwingine na vikwembe safi. Mwenyekiti anatafuta usafiri. Na sheria haina mchezo: mwenyekiti anamfuata mzazi mpaka fasi atakapozalia, na harudi kwake kabla hajaona mtoto kwa macho yake.

Darasani nilikaa kidogo sana, lakini kuzalisha najua. Wajukuu wangu karibu wote waliniona mimi kabla ya kumwona mama yao, na wote ni wazuri, sitaki ubishi. Kwa hiyo asubuhi ile mbwa wangu alipoanza kuhangaika sikuogopa. Nilimtandikia gunia jikoni, nikamwambia, “Zaa tu, mama, ni kazi ya kila mtu.”

Nimwelezee kidogo. Ni jike, rangi ya kichuguu, sikio moja limesimama na lingine limechoka. Nilimpata kwa wafuga ng’ombe wa Endiinzi akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya sufuria. Wenzangu wanafuga mbwa walinde mihogo. Wangu halindi kitu. Mwizi akija atamsindikiza mpaka shambani na kumwonyesha mihogo iliyokomaa. Lakini nikiimba nyimbo za kanisa wakati wa kupepeta maharage, anakaa mbele yangu anaimba na yeye, na sauti yake ni nzuri kuliko ya mashemasi wawili ninaowajua. Mimi nampenda, basi.

Sasa jua lilipanda, na mbwa anasukuma, anasukuma, hakuna kitu. Maji yalikwisha kutoka. Akawa anahema ulimi nje, ananiangalia. Nilinawa, nikampima kwa kidole, nikagusa mgongo wa mtoto mahali ambapo kilipaswa kuwa kichwa. Nimeona hali hiyo kwa watu. Nilijua nikibaki pale kumpapasa kichwa, jioni nitakuwa nachimba shimo.

Nikatoka uani, nikachukua bido, nikaligonga.

Walikuja mbio, mikono imejaa. Wa mbele ni mwenyekiti wetu, Mrundi, jirani yangu wa ua kwa ua, mwanamke mnene mwenye miguu myepesi. Ananiita mukecuru, yaani bibi kwa Kirundi, ingawa mvi zake ni nyingi kuliko zangu. Alisimama mlangoni, akatazama kulia na kushoto. Nyumbani kwangu hakuna msichana, naishi peke yangu.

“Nani anazaa humu?” akauliza. Halafu akaangalia tumbo langu. “Yemwe! Mukecuru, usiniambie ni weye!”

“Ingia jikoni uone.”

Aliingia, akaona, akatoka.

“Ni mbwa.”

“Nilijua ni mbwa. Ndiyo maana ana mkia.”

Wengine walikasirika. Mmoja alikuwa ameacha unga kwenye moto. Mwingine, Mkongomani mwenzangu wa Fizi, akasema, “Koko,” ndiyo bibi kwetu, “bido ni ya batu! Kesho utatuita juu ya kuku?” Mwenye uji akafungua termosi akaanza kujinywea mwenyewe. Lakini mbwa akalia, kilio kirefu kama cha mtoto. Kila mmoja pale amezaa. Hakuna aliyeondoka.

Basi zikaanza dawa. Huyu anataka mafuta ya mawese, huyu anataka maji ya bamia ili mtoto ateleze. Mbwa alilamba bamia kidogo kwa heshima, akageuza uso. Hapo ndipo niliona aibu yetu. Kwa mtu tulikuwa na kila kitu tayari, mpaka kofia ya mtoto. Kwa mbwa tulikuwa na huruma tu. Hakuna hata mmoja aliyejua tumpigie nani.

Tuliyempata ni daktari wa ng’ombe aliyekuwa anapita na pikipiki yake kurudi Endiinzi, Munyankore mpole mwenye viatu vya mpira. Alichuchumaa, akapapasa tumbo, akatikisa kichwa.

“Kaaka,” akaniambia, ndiyo bibi kwa lugha yao, “mimi niko daktari ya ng’ombe. Mkono yangu angalia, hii inaingia wapi? Mtoto analala vibaya. Nikivuta, naua mama. Huyu anataka kupasuliwa. Mbarara wako na daktari ya mbwa.”

“Mbarara!” wakasema wote.

“Leo, kaaka. Kesho hapana.”

Wakaniangalia. Nilijua wanachofikiria: bibi wa kambini anapeleka mbwa kupasuliwa mjini, kichwa chake ni kizima kweli? Nikamgeukia mwenyekiti.

“Bido lililia, halikulia?”

“Lililia,” akasema. Akavuta pumzi. “Mama weee. Lililia.” Akaenda kuvaa viatu vya kanisa, akarudi na mfuko wa vikwembe, sabuni na mafuta ya mtoto.

Daktari wa ng’ombe ndiye aliyesimamisha pikapu ya maziwa inayotoka kwa wafugaji. Dereva aliona mzigo wangu ndani ya kikwembe, sikio lililochoka linaning’inia nje, akakataa.

“Mama, hii maziwa ni ya watu kunywa.”

“Na huyu ni mzazi,” mwenyekiti akamjibu. “Wewe mama yako alikuzaa barabarani? Fungua.”

Alifungua. Tulikaa nyuma katikati ya mikebe ya chuma, mbwa kwenye mapaja yangu, mwenyekiti akimshika kila shimo la barabara na kumwambia, “Pumua, mama, usisukume sasa, pumua,” vile vile kama anavyowaambia wasichana wetu. Kwenye senta moja ya maduka tulisimama, na mama mwuza ndizi akaja kuchungulia. “Kaba! Mtoto mchanga? Nione!” Nikafunua. Alipiga kelele, ndizi zikamwagika, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Alipojua tunaenda wapi akatutupia kichane kizima, akasema Mungu atusindikize.

Njiani nilimpigia mjukuu wangu. Huyo naomba nimsifu kidogo. Ni fundi wa cherehani, anakaa Nyamitanga, hapo hapo Mbarara, anashona sare za shule, na mshono wake umenyooka kiasi kwamba masista wanampelekea kazi bila kuuliza bei. Hakuniuliza maswali ya kijinga. Alisema tu, “Koko, lete. Nitamtafuta mtu.” Tulipovuka daraja la mto Rwizi nilimwona amesimama upande wa pili, futi ya kupimia bado shingoni, anapunga mikono yote miwili. Alikuwa amekwisha kumpata daktari, amemweleza kila kitu, na pikipiki mbili zinangoja.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye miwani. Aliuliza maswali haraka: ameanza saa ngapi, maji yalitoka lini, mmempa nini.

“Bamia,” mwenyekiti akasema.

Daktari akamwangalia juu ya miwani. “Amekunywa?”

“Alikataa.”

“Ana akili.”

Akamdunga sindano ya usingizi, akamwingiza chumba cha ndani. Mwenyekiti akamfuata. Daktari akasema hapana. Mwenyekiti akasema ana sheria, lazima aone. Walibishana mlangoni mpaka daktari akachoka: “Haya, ingieni, naweni mikono, mtanisaidia.” Habari ya malipo naiacha, pesa ililipwa.

Alipasua. Wa kwanza, yule aliyeziba njia, alikuwa amekufa, maskini. Nilimfunga kwenye kitambaa. Lakini nyuma yake walitoka wengine, mmoja baada ya mwingine, wamelegea kama soksi zilizolowa. “Sugueni!” daktari akasema. Mikono yake ilikuwa na uzi na sindano. Na sisi tulikuwa na nini? Vikwembe safi, mfuko mzima! Nikasugua, nikageuza, nikasugua mgongo, mpaka kile kitoto nilichoshika kikafungua mdomo kikalia kama mlango usio na mafuta. Halafu cha pili. Mjukuu wangu naye akashika kimoja, akawa analia na kucheka pamoja. Vyote vikalia. Sijawahi kusikia kwaya kama ile.

Nikaenda kukaa na mama yao aliyelala. Nyuma yangu mwenyekiti akaendelea na kazi kama desturi yetu inavyotaka: aliomba maji ya uvuguvugu, akawaogesha watoto wote kwa sabuni ya kunukia, akawapaka mafuta.

Mbwa akaamka. Tukampelekea watoto wake, wanang’aa, wananukia kama harusi. Alinusa wa kwanza. Akavuta mdomo nyuma, akaonyesha meno, akanguruma.

Daktari akageuka. “Mmewafanya nini?”

“Nimewaogesha,” mwenyekiti akasema. “Mtoto haogeshwi kwenu?”

“Mama hawatambui! Wananuka duka! Akiwakataa itabidi tuwalishe kwa chupa usiku na mchana, na wengi hawaponi.”

Mwenyekiti alikaa kwenye kiti, mikono juu ya kichwa. Mjukuu wangu akanikamata bega. Nami nikamwangalia yule mbwa, amechoka, ameshonwa, hajui ametoka wapi, na watu wanamletea vitu vyenye harufu ya maua. Hata mimi ningenguruma.

Nikachukua kile kikwembe cha kwanza, kile kichafu chenye damu na maji ya uzazi, ambacho daktari alikuwa amekitupa kwenye ndoo. “Naweza?” Akaitikia kwa kichwa haraka, mwenyewe akainama kumkamua mbwa maziwa kidogo. Tukawafuta mafuta, tukawasugua na uchafu wote ule, tukawapaka maziwa ya mama yao kichwani na mgongoni. Wakarudi kuwa wabaya kama mwanzo. Nikaweka mmoja, mdogo kuliko wote, karibu na pua yake, na mkono wangu juu yake, tayari kumnyakua.

Alinusa. Alinusa tena, polepole. Akatoa ulimi, akamlamba mtoto, akalamba na mkono wangu juu yake, akaendelea, mpaka mtoto akapinduka chali miguu hewani.

“Walete wote,” daktari akasema kwa sauti ndogo.

Tukawapanga kwenye titi. Kikasikika kile kisauti cha kufyonza, tyu, tyu, tyu, chumba kizima. Mbwa akalaza kichwa kwenye paja langu, akafumba macho, na watoto wake wakaendelea kunyonya.