Barakoa Safi za Chumba cha Rangi

Watu wakimuuliza dada yangu kazi yake, hujibu kwa kifupi, "Niko afya." Akianza kueleza zaidi ya hapo, chai itapoa. Yeye ni muuguzi raia ndani ya karakana ya jeshi, mahali malori na magari ya deraya yanapoletwa kutengenezwa, na ameajiriwa kuhakikisha kazi haiwaumizi wanaoifanya. Anapima masikio ya wanaogonga mabati, macho ya wanaochomelea na vifua vya wanaopuliza rangi. Mimi ni mdogo wake, tumefuatana. Nauza chai kwenye kantini iliyo ndani ya ukuta uleule, na mume wangu ni askari, mmoja wa hao wapuliza rangi, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota njiani.

Mume wangu wanamwita Kinyonga, kwa kuwa hurudi nyumbani na rangi ya gari aliloshinda nalo. Siku nyingi ni kijani, kile kijani cha jeshi kisicho na uhai. Nimezoea kukikuta kwenye kola, kwenye kucha, hata kwenye mto wa kulalia. Nisichozoea ni makamasi. Mtu mzima, baba wa watoto, anainama kwenye sinki asubuhi, anapenga, na kinachotoka ndicho kilichopakwa kwenye lori jana. Mara ya kwanza nilitapika. Yeye akacheka.

"Mama watoto, hiyo ni kazi tu," aliniambia. "Inatoka."

Kikohozi ndicho kilichokataa kutoka. Kilianza kwa kukwaruza koo, kikashuka kifuani, kikahamia humo na virago vyake vyote. Usiku nilikuwa nalala nikimsikiliza anavyoivuta pumzi, na nilijua kwamba akiendelea kukaa chumba kile bila kinga, nitakuja kumlea kama mtoto.

Dada alipopewa kuongoza mpango wa afya ya wafanyakazi, alikivalia njuga chumba cha rangi kuliko vyote. Kina feni moja tu ukutani, nayo rangi imeganda juu yake hadi inazunguka kwa kusitasita. Alipigania barakoa za mpira zenye vichujio pembeni, akazipata baada ya kudharauliwa na kila mwenye ofisi. Akawafundisha mafundi kuzivaa mmoja mmoja. Mume wangu, dada alimvalisha kwa mikono yake mwenyewe, akamkaza mikanda kisogoni.

"Shemeji," alimwambia, "hiki kifua hakina spea."

Siku chache baadaye dada akaja kantini ametoka kukagua, uso umekunjuka. Barakoa zote zilikuwa zimetundikwa kwa mstari, zinang'aa, hazina hata alama ya kidole. "Wanazitunza mno," alisema, nami nikammiminia chai ya pongezi. Alikunywa funda moja. Kisha akakitazama kikombe.

"Mbona feni imejaa rangi," akasema taratibu, "na barakoa hazina hata tone?"

Akainuka akaiacha chai. Aliwakuta mafundi kazini, bomba la rangi mkononi, midomo wazi, mmoja amejifunga usoni kitambaa cha kufutia grisi. Barakoa zipo ukutani pale pale. Alipomuuliza mume wangu sababu, alimjibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Ijumaa kuna ukaguzi wa vifaa. Sajini anapita, na kifaa kikiwa na doa, mwenyewe anapangwa lindo mwisho wa wiki.

"Rangi ikishika kwenye mpira haitoki, shemeji," alisema. "Nikiivaa itachafuka."

Jioni mume wangu alinirudia maneno yayo hayo kwa uso mkavu, nami nikaona kinyaa. Tangu siku ya kwanza wamefundishwa kwamba kiatu ni cha kung'aa, kitanda ni cha kutandikwa, kifaa ni cha kukaguliwa. Hakuna aliyewaambia kwamba hiki kimoja kimeletwa kichafuke. Wala hakuna aliyeuliza, maana na kutouliza nako wamefundishwa. Hawa ndio tunaoambiwa wanatulinda.

Sajini mwenyewe ni mtu wa sharubu na tumbo, na hukagua akiwa amesimama mlangoni. Hajawahi kuvuka kizingiti bomba likiwa linafanya kazi, kwa sababu, asemavyo, harufu ile inamletea kipandauso. Kila siku namwandalia chai, na kila siku natamani kuitemea mate. Sijaitemea bado.

Dada alichukua kitambaa cheupe, akampengesha mume wangu, akakikunja, akaenda nacho kwa Mkuu wa karakana. Mimi nilikuwa ofisini humo na sinia ya chai. Ofisi ina zulia, ina kiyoyozi, inanukia manukato. Dada alikifunua kitambaa juu ya meza, karibu na kalamu za Mkuu, na Mkuu akakivuta kikombe chake kifuani haraka.

"Nini hiki?"

"Rangi yako, Afande. Imetoka puani mwa fundi wako."

"Sista, unaniletea makamasi mezani?"

"Nimekuletea rangi."

Mkuu aliiziba pua yake, pua safi isiyonusa kitu kibaya tangu apandishwe cheo. Akasema yeye hapendi uchafu. Akaita Sajini, akatoa amri kwamba kuanzia kesho kila fundi wa rangi akaguliwe pua getini kabla ya kutoka. Atakayekutwa na pua ya kijani, lindo. Kisha akamgeukia dada.

"Umeridhika?"

Aliridhika, naye hana lawama, maana hata mimi niliridhika. Tulihesabu kwamba mtu akitakiwa kutoka na pua safi, atalazimika kuvaa barakoa, apende asipende. Na kweli pua zikawa safi. Jioni walijipanga getini, wakapenga mmoja baada ya mwingine mbele ya Sajini, na vitambaa vikatoka vyeupe pepe. Mkuu akatangaza mbele ya wageni kwamba mpango wa afya umefanikiwa. Dada akapigiwa makofi.

Ila mume wangu aliendelea kukohoa, na pua yake ikaanza kuwa nyekundu, ngozi ikibanduka. Jioni moja aliinama karibu yangu kupokea sahani, nikanusa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Haikutoka kwenye nguo. Ilikuwa kwenye pumzi yake.

"Unanuka nini?"

Akanieleza, tena kwa fahari kidogo. Wanazungushia pamba kwenye kijiti, wanachovya kwenye thina, wanasugua ndani ya pua kabla ya kwenda getini. Kijiti ni kimoja, wanapokezana. Barakoa bado ziko ukutani, na Ijumaa bado zinang'aa.

"Inawasha kidogo," alisema, "lakini inasafisha."

"Toka mbele yangu," nikamwambia. "Unanitia kichefuchefu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alichukua sahani yake akaenda kula barazani, nami nikabaki jikoni nikimchukia yeye, nikimchukia Sajini, nikiichukia hiyo Ijumaa yao. Mtu anajisugua sumu puani ili asionekane mchafu, na anayemlazimisha anaitwa msafi. Kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa kunakosemwa, ndiko huku.

Asubuhi nilimwambia dada. Alinawa mikono, akaipaka sabuni, akanawa tena. Kisha akawaita mafundi wote wa rangi chumbani kwake, akawamulika pua kwa tochi. Ndani mlikuwa na vidonda. Sasa, dada hana cheo cha kumwamuru hata mlinzi wa geti, lakini anao uwezo mmoja ambao Mkuu hawezi kuutangua: kumwandikia mtu mapumziko. Akawaandikia wote, saa ileile, mpaka vidonda vipone.

Gwaride kubwa lilikuwa limekaribia. Malori yalibaki uani yamepakwa nusu nusu, kichwa kijani na kiuno kutu. Mkuu aliyaangalia akashindwa kuvumilia, akaja mwenyewe hadi chumba cha dada, penye mzani na ubao wa kupimia macho. Sajini alikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeleta chai, na safari hii sikuharakisha kutoka.

"Unanihujumu," Mkuu alisema.

"Natibu, Afande."

"Sema unataka nini. Feni?"

"Feni naitaka. Lakini kwanza nataka Sajini akague akiwa ndani. Aingie wakianza kupuliza, atoke wakimaliza. Kila siku."

Sajini alikohoa kidogo, kikohozi cha kujitafutia maneno. "Afande, mimi harufu ile inaniletea kipandauso."

"Pole sana," dada alimwambia. "Kwa wenzako imeshuka kifuani."

Mkuu alichungulia dirishani, akayatazama malori yake, akakubali. Nisimpake sifa asizostahili: aliyaonea huruma malori. Jina la mtu hata mmoja halikumtoka kinywani.

Vidonda vilipopona wakarudi kazini. Sajini aliingia nao kifua mbele, uso mtupu, na hawajamaliza hata mlango mmoja wa lori akatoka mbio, macho yanamtiririka, akaenda kutapika kando ya pipa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alipopata nguvu alikwenda stoo kujitafutia barakoa yake, akarudi, akapaza sauti kwamba atakayemwona bila barakoa atakiona cha moto. Tangu hapo zinavaliwa. Zimechafuka hazitamaniki, na hakuna aliyepangwa lindo. Feni mpya tunaisubiri.

Jioni ya siku ile Sajini alipotapika, dada alikuja kwetu, na mume wangu akatuigiza Sajini. Aliigiza anavyoingia na sharubu zake, anavyovuta pumzi ya kwanza, anavyotoa macho. Watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye mkeka. Na mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu ile sahani. Yeye mwenyewe akacheka, ndipo kikohozi kikamshika. Kilimkunja. Alishika ukingo wa meza, mabega yanapanda na kushuka, pumzi inaingia kwa filimbi nyembamba na haitoshi.

Watoto waliendelea kucheka, wakidhani bado anamwigiza Sajini. "Tena, baba," walisema, "fanya tena." Dada alikuwa ameweka kikombe chini, ameinamisha kichwa, anasikiliza kile kifua kama anavyosikiliza vifua vya watu kazini. Nilimtazama aniambie. Hakuinua macho.