Vipande Ambavyo Havikuiva

Kiwandani wanamwita Mama Wati, na hana mtoto wa jina hilo. Miaka kumi na tisa amekaa katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya transfoma, akipima umeme unaopotea bure ndani ya chuma kwa kugeuka joto, kila sumaku yake inapopinduliwa huku na huko. Shehena ya chuma ikija, hukata vipande vyembamba kama rula na kuvichoma tanurini, ili chuma kisahau maumivu ya mkasi. Kesho yake, vikiwa vimepoa, huvipima uzito, huvipanga mraba ndani ya koili nne, kisha husoma mita. Ikizidi wati moja na robo kwa kilo, shehena inarudishwa.

Wasukaji wa koili wakipita mlangoni humtania: chuma kimeamkaje leo?

"Kama mimi," hujibu bila kuinua macho. "Kimechoka kabla ya kazi."

Mwezi uliopita alirudisha shehena nzima. Mita ilisema wati moja nukta nne. Alirudia mara tatu, ikashikilia palepale. Karakana ikakosa chuma, wasukaji wakaambiwa wakae nyumbani mpaka ipatikane shehena nyingine. Mmoja wao ni mdogo wake, anayeishi naye nyumba moja. Asubuhi dada mtu akivaa viatu vya kazi, mdogo mtu alikuwa akikunja nguo alizokwisha kuzikunja jana. Hakulaumu. Alisema tu kwamba dada yake hakosei, basi chuma ndicho kibovu.

Siku ya tisa baada ya kuirudisha shehena, akibadilisha karatasi ya tanuri, ile inayozunguka polepole huku kalamu ikichora joto, aliona mstari wa siku alipochoma vipande vya shehena ile umepanda kidogo, kisha umeporomoka. Umeme ulikatika alipokwisha kuondoka, na tanuri hilo likizimika haliwaki lenyewe. Siku zote huitazama karatasi kabla ya kufungua mlango wa tanuri. Asubuhi ile alikuwa amechoka, akafungua tu.

Vipande vilikuwa bado kabatini. Akavichoma upya, akavipima. Wati moja nukta moja. Chuma kilikuwa kizima.

Hakuna mwingine kiwandani aliyejua kuisoma karatasi ile. Angeikunja, shehena nyingine ingekuja baada ya wiki tatu, na jina lake lingebaki safi.

Jioni alimweleza mdogo wake.

"Wakikutoa kwenye kile chumba utakwenda wapi, dada? Nyamaza tu. Wiki tatu si miaka."

"Kwako wewe. Kuna wenzako wana watoto."

Kesho yake aliitandika karatasi juu ya meza ya meneja, akamwonyesha kwa kidole mahali mstari ulipoanguka. Meneja hakufoka. Alipiga simu kwa wauzaji. Chuma kilikuwa bado ghalani kwao, lori lingekirudisha Jumatano. Kisha akauliza nani mwingine anajua kuisoma karatasi hiyo.

"Hakuna."

"Basi nitakuletea mtu umfundishe. Kuanzia sasa mtatia sahihi wawili."

Alikuwa ameomba msaidizi tangu mwaka wake wa pili kazini, kwa barua na kwa mdomo. Amepewa siku aliyokosea. Alirudi chumbani, akaketi kwenye stuli akidhani atalia, lakini kilichomjia ni usingizi.