Maroa na Siku ya Saba

Maroa alikuwa mhudumu wa pampu katika kituo kimoja cha mafuta pale Rangwe, kando ya barabara ya Homa Bay. Kwao ni Kehancha, na huko ndiko alikowaacha mkewe Robi na watoto. Wenye pikipiki walimpenda kwa sababu aliwatania kwa Kijaluo chake kibovu, nao wakamrekebisha huku wakicheka.

Kituoni walikuwa wawili, yeye na Helen. Mmoja alifungua alfajiri, mwingine akampokea mchana na kufunga. Helen alipokwenda likizo ya uzazi, mwenye kituo, Joash, alimwita Maroa pembeni.

"Ndugu yangu, nisaidie. Shika zamu zote mbili mpaka Helen arudi. Mtu mgeni siwezi kumwachia pampu."

"Hakuna shida, bosi," Maroa alijibu, na kweli hakuona shida. Joash hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kumwajiri kijana aliyemtorokea na mauzo ya siku nzima, na tangu hapo akawa mwoga wa sura mpya.

Basi Maroa akawa anafungua yeye na kufunga yeye, Jumapili zikiwemo. Akahamia chumba cha nyuma, penye madebe ya oili, ili asipoteze muda njiani. Wiki za kwanza miguu ilimuuma. Baadaye ikaacha kuuma, na utani nao ukaisha. Hakuwa amekasirika, maneno tu hayakumjia. Robi alipopiga simu kumweleza habari za nyumbani, alijibu "sawa" kwa kila jambo, la heri na la shari.

Siku moja Terry, mwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara, alivuka mbio.

"Maroa, nisamehe, omena nimezipika bila chumvi!"

Maroa alitazama sahani. Alikuwa ameshaimaliza.

Kisha kaka yake akapiga simu kutoka Kehancha. Maroa alikuwa anajaza tangi la pikipiki.

"Baba ametuacha," kaka alisema.

"Sawa," alisema Maroa. Akamaliza kujaza, akafunga kifuniko, akapokea pesa, akarudisha chenji.

Joash alimpa ruhusa ya siku ya mazishi. Maroa alisimama kaburini, akatupa udongo kama wengine. Shangazi zake walimtazama usoni, wakatazamana. Jioni ile ile alikuwa amerudi kituoni.

Haukupita muda mrefu, akaingia Javan, mfanyabiashara anayepeleka samaki Migori kwa pikapu. Pikapu ile ni ya dizeli, na Maroa alikuwa ameijaza mara nyingi. Siku hiyo aliitia petroli. Hakuwa amesinzia. Aliiona mikono yake ikishika mpini wa pampu ya petroli, akaitazama tu kama mikono ya mtu mwingine. Gari lilizimika kabla halijafika mbali, samaki wakaoza juani. Javan alirudi akifoka, na Joash akamwambia Maroa avue sare aende.

Maroa aliivua, akaikunja.

"Nenda ofisi ya kazi, Homa Bay, ukawaeleze unavyofanyishwa kazi," Terry alimwambia. "Usiende nyumbani kwanza. Unanisikia?"

Alikwenda kwa sababu ameambiwa. Angeambiwa aende kwingine, angekwenda pia.

Afisa wa kazi alikuwa mama mmoja mpole aitwaye Mourine.

"Kazi unaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi?"

"Tangu kufungua mpaka kufunga."

"Na siku yako ya kupumzika ni ipi?"

Maroa alifikiri sana. "Nilikwenda kumzika baba."

Mourine aliweka kalamu chini. "Hiyo si siku ya kupumzika, mzee wangu."

Joash aliitwa, akaja na shati lake safi, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Madam, alikubali mwenyewe. Muulize."

"Nilikubali," Maroa alisema.

"Kukubali kwake hakufuti sheria," Mourine alisema bila kupandisha sauti. "Wiki ya kawaida ya mtu kama huyu haizidi saa hamsini na mbili, tena kwa siku sita. Ukimzidishia, hiyo ni ovataimu na unamlipa zaidi, na hata ovataimu ina kikomo chake. Siku ya saba ni yake. Si zawadi yako."

"Mimi mwenyewe sipumziki, madam."

"Wewe, biashara ni yako. Yeye umemwajiri."

Joash akamgeukia Maroa, akamtazama kama mtu aliyemwona barabarani baada ya miaka mingi. "Kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Sikujua," alisema Maroa.

Walisikizana siku hiyo hiyo. Joash alimrudisha kazini, akalipa saa alizomzidishia, akamwajiri Byron, kijana wa Rangwe pale pale. Mourine alimuuliza Maroa kama ameridhika. Alisema, "Nadhani ndiyo."

Siku yake ya kwanza ya mapumziko, Maroa alivaa sare akatoka mpaka kwenye pampu. Byron alimtazama.

"Mzee, leo si ofu yako?"

Alisimama hapo kidogo. Halafu akabadilisha nguo, akaenda Kehancha.

Mama yake alimkuta ameketi kando ya kaburi.

"Huna machozi bado," alisema mama.

"Sina, mama."

"Basi njoo ulale."

Akamlaza chumbani kwake, akawafukuza kuku mlangoni, akawakataza wajukuu kelele. Maroa alilala mpaka jua likaanza kuteremka.

Helen amesharudi kazini na Byron amebakishwa. Maroa huenda nyumbani kila wiki. Hutengeneza uzio wa zizi, au hukaa tu. Robi akimuuliza anafikiria nini, husema hajui, na Robi hakasiriki tena.

Juzi watoto walimwomba awaeleze habari za babu yao. Alifungua kinywa, akakosa pa kuanzia. Robi ndiye aliyeanza: jinsi mzee yule alivyokuwa akigombana na ng'ombe dume mmoja kama watu wawili wenye kesi ya shamba. Watoto wakacheka. Maroa hakucheka, lakini alisogeza kigoda karibu, akasikiliza mpaka mwisho.