Taya la Mama

Mdogo wangu alizaliwa na taya la mama, limekwenda upande kama mlango uliong'oka bawaba moja. Shuleni wakamwita Kona. Niliwatwanga wachache kwa ajili hiyo, lakini jina liligoma kutoka, na yeye akazoea kucheka huku kafunika mdomo kwa kiganja. Ana shahada tatu sasa na bado anafunika.

Kazi yake ni utafiti wa picha za kompyuta. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo alinieleza polepole: anaifundisha mashine kusoma maumbo ya nyuso, pua inaanzia wapi, kidevu kinaishia wapi, ili picha iliyoharibika ijazwe. Nikamwambia basi kazi imejileta yenyewe. Picha ya mama tuliyobaki nayo ilikuwa moja, na unyevu wa ukuta ulishaila kuanzia mdomo kushuka chini. Macho ya baba yalikuwa yanafifia. Alitaka amwone mkewe kabla hayajazimika.

Kona akaiingiza kwenye kompyuta yake, mezani kwangu, na uso ukajaa huku natazama. Machozi yalinilenga. Kisha nikaangalia vizuri. Kidevu kilinyooka kama kimepigwa rula.

"Hilo taya ni la nani?"

"Mashine imejifunza kwa nyuso za watu wengi, dada. Inajaza kinachofanana na watu."

"Kwani mama alikuwa nani, mbuzi? Jipige picha, chukua taya lako umwekee. Si ndilo hilohilo?"

Alikiri kwamba inawezekana, wala si kazi kubwa. Halafu akasema taratibu kwamba hata mama angependa hivi. Nikamjibu mama hakufunika mdomo siku hata moja, alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mkataa kwao mtumwa, nikamwambia, nikaenda zangu jikoni.

Akaichapisha vilevile, kubwa, na fremu ya kung'aa. Baba akaisogelea dirishani, pua ikigusa kioo. Akamwita Kona, akakiondoa kile kiganja mdomoni, akamtazama yeye, akaitazama picha.

"Huyu hakukuzaa wewe," akasema, akamrudishia.

Kona aliondoka bila kunywa chai. Nilidhani ataitengeneza upya. Kumbe alikwenda kutengenezwa yeye: hospitali ikamvunja taya ikaliunga, limenyooka. Hakumwambia mtu.

Alipokuja tena, macho ya baba yalishazimika kabisa. Mzee aliposikia sauti yake alifurahi kama mtoto. Akamwomba apige magoti mbele ya kiti, amshike lile taya, angalau mikono nayo imwone mama. Kona alinitazama. Kisha akapiga magoti.

Vidole vya baba vilishuka shavuni, vikafika kidevuni, vikarudi juu, vikashuka tena. Akaviondoa, akavifuta kwenye shati.

"Mwanangu," akaniambia mimi, "umeniletea nani?"